Vetiva ya Harusi ya Adut

Mama Adut,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mpira wa mfuniko wa sufuria lako la presha, kilichotokea hapa Lodwar saa tatu asubuhi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu. Hakuwahi kulalamika, isipokuwa ile siku ulipompikia miguu ya ng'ombe. Ameacha sufuria moja, bomba moja la shaba lililopinda, beseni la bluu lenye kiraka, na mimi. Mazishi yalifanyika siku hiyo hiyo kwenye pipa la taka nyuma ya ofisi, bila hotuba, kwa kuwa mtu pekee ambaye angehutubia ni wewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu habari nyingine sijui niishike wapi. Ni miezi minane tangu tukuzike. Nimekuandikia mara nyingi kichwani nikiendesha gari kutoka Kakuma, na kila mara nimefika Lodwar kabla ya kufika kwenye maneno yenyewe. Leo bosi yuko kwenye mkutano, na mkutano wa bosi unaujua: una chai, una chakula, halafu una azimio la kukutana tena. Dereva ni mtu anayelipwa kusubiri. Kwa hivyo nina muda, nina kalamu, na nimeegesha gari kwenye kivuli.

Uliniachia kazi moja. Ulikuwa umelala kwa ubavu pale hospitalini, ukiangalia ukuta, nikidhani umesinzia, ukasema bila kugeuka: "Dereva, ile mizizi itakomaa baada ya mvua. Chimba, pika, halafu acha mafuta ilale miezi sita. Mtoto yangu asiolewe na harufu ya duka." Nikasema ndiyo, jinsi mtu anavyosema ndiyo hospitalini: haraka, bila kuuliza maswali ya kiufundi. Nilidhani maswali ningeuliza Alhamisi. Alhamisi hukuwepo.

Wajua, watu bado wananiuliza dereva wa ofisi ya kilimo alijifunzaje kupika manukato ya bibi harusi. Wewe uliwaambia wote kwamba nilikuletea vetiva, ile nyasi ya mizizi inayonukia, kama zawadi. Ulipenda hadithi hiyo, na sikuipinga, kwa sababu ukweli ungenifukuzisha kazi. Ukweli ni kwamba ofisi ilinituma Katilu kuchukua miche ya kuzuia mmomonyoko kwenye korongo la nyuma ya kanisa lenu pale Kakuma. Kule Katilu wanaipanda kando ya mifereji ya Turkwel, nayo husimama kwenye mstari kama watu wanaosubiri kitambulisho. Tulipofika, afisa akahutubia kanisa zima juu ya umuhimu wa udongo, kwa Kiingereza, mpaka wazee wakalala kwa heshima. Wewe ulikuwa nyuma ya gari langu. Umeokota mzizi uliokatika, umeuvunja, umeupeleka puani.

Ukafumba macho. Nikadhani jua limekupiga.

"Hii imetoka wapi?" ukaniuliza.

Nikasema Katilu.

"Hapana," ukasema. "Hii imetoka kwa mtungi ya mama ya baba yangu."

Ndipo ukanieleza, pale pale, kana kwamba tumejuana miaka, kwamba kwenu Sudan Kusini, upande wa Bor, kuna nyasi ndugu yake inayoota kwenye madimbwi, na wanawake huosha mizizi yake wakaiweka kwenye maji ya kunywa, maji yakanukia kama siku ya kwanza ya mvua. Kisha vita, kisha Khartoum, kisha yule mama uliyekuwa ukimfulia nguo, mpishi wa khumra, yale manukato mazito wanayopakwa maharusi kule. Ulifua, ukaangalia. Ulipomaliza miaka minne ya kufua ulikuwa umehitimu na yeye hana habari. Nilipokusikia ukisema hivyo nilijua tutaelewana. Mimi pia elimu yangu yote nimeipata nikiwa nasubiri watu wengine wamalize.

Siku hiyo ilipotea miche. Ripoti ya ofisi ilisema ilikauka njiani. Ripoti niliiandika mimi.

Ukaipanda nyuma ya nyumba yako, ukainywesha maji ya kuoshea vyombo, na yule jirani yako Mkongo akawa anapita kila asubuhi akisema, "Mama, unafuga majani? Itazaa lini?" Nawe ukimjibu kwamba ina mimba. Ilikaa na mimba hiyo karibu miaka miwili. Sijawahi kumwona mtu mwenye subira yenye kiburi kama yako.

Nakumbuka masomo yetu ya siku za Alhamisi, bosi akiwa ndani ya kambi kwenye mikutano, mimi nikiwa kwako nimekunja suruali nikiosha mizizi. Uliniambia pua yangu ni ya dizeli. Uliniambia, "Usinuse kama ng'ombe. Nusa kama mtu anaiba." Mpaka leo nikinusa kitu napunguza pumzi na kuangalia pembeni, na watu dukani wameanza kunifuata kwa macho. Uliniambia mizizi ikaushwe kivulini, ikatwe fupi kama kidole cha mtoto, ilale kwenye maji, kisha mvuke upite taratibu kutwa nzima, kwa sababu vetiva haitoi kitu kwa mtu mwenye haraka. Na mafuta yakitoka, usiyaamini. "Mafuta mpya haina adabu," ulikuwa ukisema. "Inaongea yote mara moja. Iache ilale, itajifunza kunyamaza."

Unakumbuka wale askari wawili? Mtu alikuwa amewaambia unapika chang'aa. Na kusema kweli, sufuria, bomba, beseni, hata mimi ningekushika. Ulimchotea yule mrefu maji yaliyotoka kwenye bomba ukamwambia, "Onja." Akaonja. Akatema, akafikiri, akasema kwa huruma, "Mama, pombe yako imeharibika." Ukamwambia ni ya kupaka, ukampaka kidogo shingoni. Akaenda. Siku tatu baadaye alirudi bila kofia, akakuomba uende naye nyumbani umweleze mke wake kilichotokea. Ulienda. Ulirudi na kuku.

Sasa nikueleze nilivyofanya kazi yako, na usinikatize.

Mvua iliponyesha nilichukua likizo. Nilichimba nusu ya mstari, nikifuata sheria yako: shina moja likitoka, vipande viwili virudi ardhini. Ulisema mizizi inakwenda chini kuliko urefu wa mtu, nikadhani unatia chumvi. Nilichimba hadi magotini, nikachimba hadi kiunoni. Udongo ule ni ule ule, Mama Adut. Mara ya mwisho nilipokuwa nimeshika jembe Kakuma tulikuwa wanaume sita wa kanisa tunapokezana, na mimi sikutaka kumpa mwenzangu zamu, na nilipofika kiunoni... Basi. Nilisimama kidogo kwenye shimo. Jirani yako Mkongo akaja ukingoni, akaniangalia, hakusema kitu juu ya majani. Alinipa mkono nikatoka.

Mizizi niliileta Lodwar ndani ya magunia, nikaikausha kwenye kibanda changu. Unamkumbuka Akiru, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule mwenye mbuzi watano na maoni mia. Aliniuliza kama ninaanza kuuza dawa za kienyeji. Nikamwambia ni mafuta ya harusi. Akasema, "Ejok," yaani vema, "mwishowe umepata mtu." Nikamwambia si harusi yangu. Akasema anajua, alitaka tu kuona nitajibu nini.

Siku ya kupika niliamka alfajiri, maana beseni la kupoza bomba likishapata jua la Lodwar linakuwa chai. Nililiweka chini ya magunia mabichi. Saa tatu ndipo mpira ulipotuaga, kama nilivyotangaza. Mvuke ukatoka pande zote, nyumba ikanukia pesa za watu wengine. Nikakanda unga wa ugali nikaziba ukingo wa mfuniko kama nilivyowahi kusikia wapishi wa ile bidhaa nyingine wakifanya, na ukashika. Kutwa nzima nimekaa pale. Jioni, kwenye chupa ya shingo nyembamba, juu ya maji, palikuwa na utando wa dhahabu. Mwembamba, lakini upo. Nikauvuta kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nikiwa nimeziba pumzi. Nilitamani kukupigia simu. Nilishika simu, kweli, nikafika kwenye jina.

Yakabaki maji, chupa nzima, yenye ukungu kidogo.

Hapa, Mama Adut, naomba unihukumu kama mkazi. Mtu wa Mombasa angeyamwaga. Mtu wa Nairobi angeyamwaga huku anaongea na simu. Mimi nilitoka Kitui miaka kumi na moja iliyopita, na mkono wangu hapa Turkana umesahau kumwaga maji. Haukuniuliza. Mkono ulichukua chupa, ukapeleka nje, ukamimina kwenye karai la mbuzi wa Akiru, na mbuzi wakaja mbio kwa kiu yao. Nilikuwa nawaangalia kwa moyo mzuri kabisa, mtu aliyewatendea viumbe wema, na mbuzi wa pili alikuwa anamalizia maji ya karai, ndipo sauti yako ikanijia wazi kama redio: "Mafuta hii si kama ya kupikia. Ingine inaelea, ingine inazama. Ile inazama ndiyo mama yao."

Nililiendea lile karai. Mbuzi alinitazama akilamba mdomo.

Kesho yake zizi zima lilinukia kama kanisa siku ya Pasaka. Beberu alimwendea mmoja wao, akamnusa, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama mbali kama mtu aliyekosea nyumba. Akiru alimpeleka mwingine sokoni, mnunuzi akakataa, akasema mbuzi aliyeogeshwa sabuni ya kunukia ana ugonjwa unaofichwa. Akiru alirudi naye, akasimama mlangoni pangu.

"Dereva. Hii mbuzi yangu inaolewa na nani?"

Nikaomba msamaha.

"Sitaki pole. Maziwa yake watoto wamekataa. Utakunywa wewe."

Nikanywa mimi. Wiki nzima, Mama Adut, chai yangu ya asubuhi ilikuwa na harufu ya nyumba yako siku ya Alhamisi. Sikumwambia Akiru kwamba haikuwa adhabu. Siku maziwa yalipoanza kurudi kuwa maziwa, nilikoroga chai nikanusa, sikupata kitu, nikakaa na kikombe mpaka kikapoa.

Kwa hivyo mafuta ya Adut yakawa kichupa kimoja, kile cha dawa ya macho, hakikujaa. Nilikifunga kwa karatasi, nikakiweka ndani ya mtungi mkavu chini ya kitanda kilale miezi sita. Nilijiambia hata nusu ya mafuta yaliyolala vizuri ni mafuta.

Yalikuwa yamelala wiki saba Adut aliponipigia kutoka Eldoret. Mchumba wake Garang amepata kazi ya ualimu Nakuru, anatakiwa kuripoti shule zikifunguliwa, wazee wa pande zote mbili wamekubaliana harusi iwahishwe. "Ni Jumamosi ya wiki ijayo, Uncle Dereva. Ile kitu ya mama iko tayari?"

Nikasema iko tayari. Sijui kwa nini ulimi wangu hufanya kazi vizuri hivyo ukiwa unadanganya.

Nilikifungua kichupa siku ile. Kilinuka gunia lililolowa, na moshi, na kitu kibichi cha kijani kinachokujia usoni bila kubisha hodi. Adabu hakuna, kama ulivyosema. Nikakaa nacho Lodwar siku tano, nikikifungua na kukifunga, kana kwamba nikikiangalia kwa ukali kitakua. Halafu nikakipeleka Kakuma.

Walikuwa kwa dada yako Nyanut, wanawake wa kanisa wamejaa chumba, Adut katikati kwenye mkeka, mikono imepakwa hina hadi kwenye viwiko. Amekonda. Ana vidole vyako, nilikuwa sijaona. Nyanut alikuwa amesaga karafuu na msandali, bakuli linangoja. Akafungua kichupa changu, akanusa kama ng'ombe, siyo kama mwizi, akakiweka chini.

"Dereva, hii umechota kwa shimo?"

Mwingine akanusa, akasema ni udongo. Wa tatu akasema huko kwa Msomali kuna chupa nzuri kutoka Dubai, mtoto atumwe. Adut alikuwa ananiangalia mimi tu, na nikaona anataka nimwambie kwamba wanakosea.

Nikamwambia ukweli. Wote, kuanzia mpira wa mfuniko. Nikasema yalitakiwa miezi sita, yamelala hata wiki tisa hazijatimia. Nikasema nusu yake, tena ile nzuri, wamekunywa mbuzi. Kisha Nyanut akauliza, polepole, "Mbuzi... walikunywa khumra?" Nikasema ndiyo, na beberu akakataa. Basi. Nyanut alicheka hadi akashika ukuta. Yule wa udongo alilala kabisa sakafuni, miguu juu. Walitafsiriana kwa Kidinka, ikawa inachekesha upya. Na katikati ya kicheko Nyanut akaanza kulia, waziwazi, akiita jina lako, na wote wakamfuata, na nikajua kwamba tangu mazishi hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amefanya lolote kati ya hayo mawili vizuri. Mimi nilikuwa mwanaume pekee mle ndani. Nilitazama bakuli.

Adut alijifuta, akachukua kichupa.

"Wekeni."

"Utanuka shamba mbele ya mchungaji," Nyanut akasema.

"Basi wekeni kwa lawa, si kwa ngozi."

Ikawa hivyo. Kwenye ngozi wakampaka ya Dubai, na khumra yako wakaipaka kwenye pindo la lawa, kile kitambaa alichofungwa begani. Kwa hivyo kiapo chako nimekitimiza nusu: mtoto wako ameolewa na harufu ya duka, ila nguo yake haikuolewa nayo. Kanisani nilisimama nyuma karibu na mlango. Sikunusa chochote ila dizeli yangu. Alipendeza. Garang alilia kabla yake, na kwaya ikalazimika kurudia ubeti.

Walipoondoka kwenda Nakuru nilihesabu kazi yako kuwa nimeiharibu. Nilikuwa sijaja kukusalimu makaburini, utakuwa umeona. Sikuwa na uso wa kuja nao.

Juzi Jumapili Adut akapiga simu. Nikasema halo. Kimya. Nikadhani ni mtandao, nikasogea kwenye ule upande wa gari ambako simu inashika. Nikasikia mtu anapumua. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Uncle Dereva, nimefungua sanduku ya lawa. Ile ya duka imeisha yote. Mama yuko kwa sanduku."

Nikaegemea gari.

Akasema alilifunga upesi. Alilifunga, Mama Adut, ili usitoke. Tangu hapo hulifungua kidogo tu, asubuhi, na Garang akiwa ameenda shule, halafu hulifunga tena. Aliniuliza kama itadumu. Nikamwambia ulisema vetiva hushika kitambaa mwaka, hata zaidi, na kwamba kila wiki itakuwa na adabu kuliko wiki iliyotangulia. Hilo la mwisho nilijitungia, lakini nadhani ni kweli.

Bosi ametoka, anatafuta gari. Acha nikuage kwa haraka, kama tulivyokuwa tukiagana, wewe ukiwa umeinama kwenye beseni na mimi nikipiga honi. Mstari uliobaki nitauchimba mvua ijayo, na kila shina litarudishiwa viwili. Mafuta yanayozama nitayachota kwanza. Yatalala miezi sita kamili, na siku ya mwisho nitayapeleka Nakuru mimi mwenyewe, nikiyashika mkononi njia nzima hata kama ni mtu mwingine atakayeendesha. Na Alhamisi hii nitapita makaburini. Pumzika, mwalimu wangu. Nimekukosa kuliko ninavyojua kuandika.

Mkwe wako anasema lile sanduku linanuka viazi.

Dereva